Kusoma ALT ukiwa na homa ya ini B

Mwenye homa ya ini B akipewa majibu ya maabara, jicho hukimbilia ALT. Ikiwa juu, anahofu. Ikiwa ya kawaida, anashusha pumzi na kuacha kliniki, na hapo ndipo penye hatari zaidi.

ALT ni kimeng'enya cha ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, huvujia kwenye damu. Basi huonyesha majeraha ya sasa tu. Makovu yaliyojengeka kwa miaka haiyaonyeshi. Ini la mtu linaweza kuwa limeshapata sirosisi, yaani makovu mengi, na ALT yake ikawa 25.

Tazama pia mpaka wa juu wa kawaida uliotumika. Fomu nyingi huandika 40 au zaidi, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Mama mwenye 34 hataona alama yoyote kwenye fomu, kumbe ameshavuka.

Majibu yote yaandike kwenye daftari moja, kwa tarehe, kwa sababu ALT hupanda na kushuka. Andika na ulichotumia wiki hizo: pombe, miti shamba, dawa za kifua kikuu. AST, kimeng'enya kingine kinachopimwa pamoja na ALT, imo hata kwenye misuli, kwa hiyo kubeba zege jana kunaweza kuipandisha leo.

Kuhusu makovu, kuna hesabu iitwayo APRI, nayo haihitaji mashine ya gharama. Gawanya AST yako kwa mpaka wake wa juu, gawanya tena kwa idadi ya chembe sahani za damu (kwa maelfu), kisha zidisha kwa 100. AST 48, mpaka 40, chembe sahani 160: unapata 0.75. Ikizidi 0.5, muulize daktari kuhusu kuanza dawa, hata kama ALT ni ya kawaida. Muulize vilevile kama wingi wa virusi umezidi 2,000 na ALT imevuka mpaka.

Ukiwa kwenye dawa ya virusi hivi, tenofovir, na ALT ikashuka, ni dawa inayofanya kazi. Usiiache kwa uamuzi wako: virusi vinaweza kurudi kwa nguvu, ini likashindwa kazi. Macho yakiwa manjano, mkojo ukawa mweusi au mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.