Manganisi Katika Damu: Kwa Nini Hatulingani?

Wengi wetu tunafahamu umuhimu wa madini ya chuma katika damu. Leo tunapenda kuzungumzia madini mengine yanayofuatana na chuma, ingawa hayasikiki sana: manganisi.

Mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo, kama miligramu 2 kwa siku kwa mtu mzima, ili kujenga mifupa na kutumia vizuri chakula tunachokula. Yamo katika nafaka zisizokobolewa, maharage, karanga, mboga za majani na chai. Kwa hiyo ni nadra mtu kupungukiwa. Hatari iko pale yanapozidi, kwa maana huingia katika ubongo na kuleta kutetemeka, kukakamaa kwa viungo na kutembea kwa taabu. Daktari John Couper wa Scotland aliueleza ugonjwa huo mwaka 1837, alipouona kwa wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini hayo.

Kwa kawaida lita moja ya damu ya mtu mzima huwa na mikrogramu 4 hadi 15. Lakini watu wawili wanaweza kula chungu kimoja wasilingane. Kwa nini?

1. Upungufu wa chuma. Katika manganisi tunayokula, chini ya sehemu 5 kwa 100 ndiyo huingia katika damu. Chuma na manganisi hupita mlango mmoja katika utumbo. Chuma kikipungua mwilini, utumbo huufungua mlango huo zaidi ili kukitafuta, na hapo manganisi nayo huingia kwa wingi.

2. Jinsia. Wanawake huwa nayo zaidi kuliko wanaume. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani mwaka 2011 na 2012 ulionyesha hivyo. Sababu mojawapo ni kwamba wanawake wengi hupoteza chuma kwa njia ya hedhi.

3. Ujauzito. Kiasi hupanda kadiri mimba inavyokua, hasa miezi mitatu ya mwisho. Hilo ni jambo la kawaida, wala mama asiogope.

4. Umri. Utumbo wa mtoto mchanga hupokea manganisi nyingi kuliko wa mtu mzima, na ini lake bado halijakomaa kuiondoa. Maziwa ya mama yana kiasi kidogo kinachomfaa. Ya kopo huwa na kiasi kikubwa zaidi.

5. Ini. Hili ndilo fagio la mwili. Huondoa manganisi iliyozidi kwa njia ya nyongo, ikatoka na choo. Ini likiharibika, kwa pombe au kwa homa ya ini, fagio hilo hushindwa kazi. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayozuia manganisi isitoke. Kasoro moja ya namna hiyo ilielezwa na wataalamu mwaka 2012.

Tufanye nini?

Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa. Wako wanaoviweka kabatini kwa sababu vinawachafua roho. Tuwahimize wamwambie mkunga shida hiyo, wasiviache kimya kimya. Chai tuinywe saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa huzuia chuma kisiingie vizuri. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza. Mgonjwa wa ini asinunue vidonge vya mchanganyiko wa madini dukani bila kumwuliza daktari. Na akianza kutetemeka mikono au kubadilika mwendo, familia isiseme ni uzee tu: apelekwe hospitali mapema.

Tukiangalia damu na ini, manganisi nayo itakaa mahali pake.