Dawa ya Shamba na Damu Yako: Vidokezo kwa Wapiga Dawa wa Kamenu

Kuanzia sukuma wiki za kando ya mto Chania hadi mibuni ya viungani mwa Thika, pampu ya mgongoni haikosi kazi. Tafiti zimehusisha kazi hiyo, hasa ikifanywa miaka mingi, na saratani za damu: lukemia, limfoma na mayeloma. Hatari kwa mtu mmoja bado ni ndogo, na kuipunguza si ghali.

1. Usidanganywe na rangi. Ule mstari mwekundu, wa manjano, wa buluu au wa kijani kwenye lebo hukuonya juu ya sumu ya papo hapo. Saratani haimo. Mwaka 2015, IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliweka glaifoseti, malathioni na diazinoni katika kundi la dawa ambazo yaelekea husababisha saratani; limfoma ilitajwa. Kuhusu glaifoseti, EPA, shirika la mazingira la Marekani, inapinga. Waache wabishane, wewe vaa glavu.

2. Ngozi kwanza. Wengi hukimbilia kufunga leso puani, ambayo haitoshi kukukinga. Dawa nyingi huingilia kwenye ngozi, na saa mbaya zaidi ni ya kuchanganya, dawa ikiwa bado kali. Vaa glavu za mpira na gambuti, suruali ianguke nje ya gambuti. Kisha kagua pampu: ikivuja, maji hutiririka mgongoni hadi kinenani, na ngozi ya huko hufyonza dawa upesi kuliko ya mkono. Mpira mpya wa kuziba ni pesa kidogo sana.

3. Kifuniko cha chupa si kipimo. Fuata lebo.

4. Ovaroli ifuliwe peke yake, si pamoja na sare za watoto. Mama mjamzito asipige dawa wala asiichanganye. Tafiti kadhaa zimeona uhusiano kati ya dawa hizi wakati wa ujauzito na lukemia ya watoto.

5. Weka daftari la majina ya dawa na tarehe. Ukiona tezi zimevimba bila kuuma, jasho jingi usiku, michubuko isiyo na sababu au maumivu ya mifupa yasiyokwisha, nenda hospitali ya Thika Level 5 upimwe damu. Beba daftari. Umevaa nguo za Jumapili, daktari atajuaje kuwa wewe ni mpiga dawa?