Ile Picha Usiibebe

Kwa N.M., Mysuru, India

Barua yako nimeisoma mara mbili. Likizo imekaribia, na mwenzako wa darasani, binti wa Kitibeti, amekualika kwao Bylakuppe, makazi ya wakimbizi wa Kitibeti, mkakae wiki tatu, ujifunze lugha na kurekodi masimulizi ya wazee kwa ajili ya tasnifu yako. Kibali cha kulala huko huna, naye amekwambia hakuna anayekagua. Ukitoka hapo unataka kupitia Nepal uingie Lhasa, huko Tibet, na bibi yake amekupa picha umfikishie mdogo wake aliyebaki huko. Baba yako hajaambiwa kitu.

Nimefurahi umeuliza kabla ya kuondoka. Vijana wetu wengi humaliza miaka yao ya masomo ugenini wasijue hata jirani anakula nini. Wewe umekaa na mtu, ukamsikiliza, ukatamani kuwajua watu wake. Hamu hiyo usiiache ipoe.

Hakuna anayekagua?

Bylakuppe ilianza 1961, miaka miwili baada ya Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, kukimbia Lhasa na maelfu ya watu kumfuata wakivuka Himalaya. Serikali ya jimbo iliwapa ardhi ya msitu, wakaufyeka, wakalima mahindi. Mpaka leo Watibeti wengi nchini India huishi kwa cheti cha usajili, nacho lazima kihuishwe kila muda wake unapofika. Mgeni wa nje anayetaka kulala kwenye makazi yale anahitaji kibali maalumu cha serikali ya India, na kibali hicho huchukua miezi. Zaidi ya hapo, yeyote anayemlaza mgeni kutoka nje, hata chumbani kwake, anatakiwa kuwaarifu wakubwa ndani ya saa 24.

Sasa tuseme mmebahatika wiki mbili, ya tatu mkabishiwa hodi. Wewe una pasipoti, una ubalozi, una kwenu. Ikibidi utapanda ndege na kulia mpaka Dar es Salaam. Yule mama aliyekutandikia kitanda ndiye atakayeitwa ofisini, akiwa na kile cheti mkononi. Rafiki yako ana nia njema, na ukarimu umemfanya asahau hatari. Ni juu yako kumkumbusha. Bila kibali, usilale Bylakuppe.

Lhasa

Lhasa mwanafunzi haendi kwa mkoba wake tu na nauli. Mgeni huingia kwa kibali kinachoombwa na wakala wa safari aliyesajiliwa, na hutembezwa na kiongozi kwa ratiba iliyoandikwa. Mji uko mita 3,650 hivi juu ya bahari. Wewe umezaliwa pwani, kwa hiyo utaumwa kichwa na kichefuchefu usipoupa mwili siku kadhaa za kupumzika. Hayo yote yana dawa. Ukiwa na fedha na subira, siku moja nenda ukalione kasri la Potala.

Ila ile picha, hapana. Umeniandikia kwamba bibi amekaa kwenye kiti, na nyuma yake ukutani imetundikwa sura ya Dalai Lama. Mwanangu, kule kuweka picha ya kiongozi huyo kumepigwa marufuku. Ukikutwa nayo utaulizwa inakwenda kwa nani. Jina utakalolitamka ni la mwanamke mzee ambaye hujawahi kumwona, naye ana watoto na wajukuu wanaofanya kazi na kusoma hapohapo. Usiibebe, usiifiche kwenye simu, wala usiende kumtafuta.

Njia iliyo wazi

Nenda Dharamshala, mji wa kaskazini mwa India wanakoishi Watibeti wengi. Ni mbali, siku mbili na zaidi za treni na basi, na Julai na Agosti mvua yake haina simile, kwa hiyo beba mwavuli na viatu vya maana. Lakini hapahitaji kibali cha ziada, na nyumba za wageni zimezoea kuandikisha watu wa nje. Kuna Maktaba ya Kazi na Kumbukumbu za Kitibeti, iliyoanzishwa 1970, inayofundisha wageni lugha ya Kitibeti na falsafa ya Kibudha. Soma hapo likizo hii. Wakati huohuo omba kibali cha Bylakuppe, uende likizo ijayo ukiwa huna cha kuficha.

Barazani kwa watu

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alikuwa akisuka ukili barazani asubuhi. Siku moja gari lilisimama, wakashuka wageni watatu, wakampiga picha na kuondoka. Hawakutoa hata salamu. Bibi alivuta khanga akajifunika uso, akakaa hivyo muda mrefu baada ya vumbi kutulia. Ukili ulikuwa umemwanguka miguuni. Sijasahau.

Kwa hiyo ukifika kwa Watibeti, kinasa sauti kiache mkobani siku za mwanzo. Utapewa chai ya siagi yenye chumvi. Kila ukinywa kidogo kikombe kitajazwa tena, na ukitosheka kiache kimejaa, ukimalizie unapoaga. Utapewa unga wa shayiri iliyokaangwa, ukande na chai kwa vidole kama unavyofinyanga tonge. Ukivishwa kitambaa cheupe, inamisha kichwa. Kwenye hekalu zunguka kufuata mkono wa saa, kama wazee wanavyozunguka. Ukishazoeleka, omba ruhusa ya kurekodi, na useme wazi sauti hiyo itafika wapi. Wengine wana ndugu upande wa pili wa milima, na jina moja likisambaa kwenye intaneti halirudi. Mtu akikataa, mshukuru, endeleeni na chai.

Baba yako mpigie leo, kabla hujakata tiketi. Mwambie unakwenda wapi, kwa nani, kwa siku ngapi. Atagomba, kisha atauliza nauli ni kiasi gani.

Na picha usiirudishe kupitia kwa rafiki yako. Itunze mpaka kibali kitoke, umpelekee bibi mwenyewe, umkabidhi kwa mikono miwili na kumweleza kwa nini hukuibeba. Kisha mwombe akusimulie habari za mdogo wake, alivyokuwa siku ya mwisho walipoonana.