Barua zetu zinarudi, na stempu zinatumaliza

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani, Mombasa. Barua zetu za mwaliko nyingine hurudi, na stempu zinatugharimu kuliko tulivyopanga. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu katibu, nadhani mnaandika "Nairobi" mkaishia hapo. Kenya barua nyingi haziendi mlangoni kwa mtu, huenda kwenye sanduku lake, na Nairobi ina ofisi za posta chungu nzima. Kila moja ina msimbo wake: 00100 ni Posta Kuu, 00200 ni City Square. Kwa hiyo mstari wa kwanza jina, wa pili S.L.P. na namba, kistari, kisha msimbo wa tarakimu tano. Wa mwisho mji kwa herufi kubwa. Msimbo wa Posta Kuu ya kwenu Mombasa ni 80100. Jina la mtaa au la duka jirani halimsaidii mchambuzi wa barua. Anwani yenu iandikeni nyuma ya bahasha.

Gharama nayo ni suala la uzito. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 5. Ada ya posta hupanda kwa ngazi, na gramu moja tu ya ziada inawapeleka ngazi ya juu. Chapeni pande zote mbili, msitie pini (hukwama mashinani, na huchana bahasha za wenzenu), kisha pimeni moja kaunta kabla ya kununua stempu za zote. Huduma ya rejista iwekeeni vyeti; mwaliko hauihitaji.