Kura ya Mchujo ni Ushahidi

Ndugu zetu Waislamu, wako wasemao kwamba mchujo wa chama ni shughuli ya wanasiasa, na kwamba wao wanangoja uchaguzi mkuu. Maneno hayo si sawa. Katika wadi ambayo chama kimoja kina nguvu, ashindaye mchujo huwa karibu amekwisha kushika kiti. Na aliyebaki nyumbani siku ile huja baadaye kuidhinisha chaguo la wenziwe.

Tangu sheria ya vyama iliporekebishwa mwaka 2022, chama huweza kuteua mgombea kwa kura za wanachama wake walioandikwa, ama kwa kura za wajumbe. Basi kwanza litazameni daftari. Mwaka 2021 watu wengi walijikuta wameandikwa katika vyama wasivyopata kuviomba!

Kituoni kazi ni nyepesi: tia alama kwa mmoja tu, ukunje karatasi, uitumbukize sandukuni. Lililo zito ni la moyoni. Kumchagua mtu ni kumshuhudia kwamba anafaa, na Surat An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kushuhudia haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Wapi basi hoja ya "huyu ni wa mtaani kwetu"?

Na apokeaye fedha au leso ameuza ushahidi wake. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 nayo huwashika wote wawili. Wengine huiita sadaka. Ni sadaka gani hii itolewayo usiku wa kuamkia kura, na mpokeaji akaandikwa nambari ya kitambulisho chake?