Majivu, Paka na Mama Mjamzito: Somo la Toksoplazmosi kwa Shule za Bariadi

Huku Bariadi, kama kwingineko mkoani Simiyu, paka ni mlinzi wa ghala. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha toksoplazmosi asianze kwa kumlaani mnyama huyu. Wanafunzi wakirudi nyumbani wakamwua, somo limepotea na mtama nao umeachiwa panya.

Tungependa aanze na majivu. Mwanafunzi mmoja apakwe mikononi, kisha ashike daftari, kikombe na mkono wa mwenzake. Darasa lifuatilie majivu yalikofika. Ndipo aelezwe kwamba kimelea cha toksoplazma, kisichoonekana kwa macho, husafiri vivyo hivyo. Paka aliyekula panya mwenye vimelea hunya mayai yake, nayo huingia udongoni, kwenye mboga na majini. Mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mwalimu aulize: “Basi kinyesi kiondolewe lini, na nani?” Jibu, yaani kila siku, na mtu asiye mjamzito, walitafute wenyewe. Nyama isiyoiva ni njia nyingine, wala haihitaji maelezo mengi.

Mtu mzima mwenye afya huenda asijue kuwa ameambukizwa. Hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kwani kimelea huweza kupenya kondo na kumfikia mtoto. Mimba ikiwa changa jambo hili hutokea kwa nadra, lakini likitokea madhara huwa makali zaidi: mimba huharibika, au ubongo na macho ya mtoto huathirika. Uchunguzi wa wajawazito 350 wa jirani zetu wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta dalili za maambukizo, aghalabu ya zamani, kwa takriban watatu katika kila kumi.

Watoto wengi walioambukizwa huzaliwa wakionekana wazima, macho yakadhoofika miaka mingi baadaye. Huyo ndiye anayeketi nyuma ya darasa na kuitwa mzito. Asogezwe mbele, na wazazi washauriwe kumpeleka hospitali.

Wala suala la uchawi lisikwepwe. Katika Usukuma shutuma za uchawi zimewagharimu vikongwe wengi maisha yao, na mtoto aliyejaa maji kichwani ni kisingizio chepesi. Darasa lielezwe wazi kwamba hali hiyo ina sababu nyingi za kimwili, toksoplazmosi ikiwa mojawapo.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mwanafunzi achunguze ni nani kwao afagiaye ghalani, na kama hunawa kabla ya kushika chakula.