Dondoo Muhimu: Kuchavusha Vanila kwa Mkono

Uchavushaji ni kufikishwa kwa chavua, yaani unga wa kiume wa ua, kwenye stigma, ambayo ni sehemu ya kike inayoipokea. Na kwa kuwa katika ua la vanila sehemu hizo hutenganishwa na kiwambo chembamba, na nyuki wanaolichavusha huko Meksiko, asili ya mmea huu, hawapo Afrika, mkulima wa Bukoba au Unguja hana budi kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa mbinu aliyoibuni Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841.

1. Anza asubuhi, kwa sababu ua huchanua siku moja tu na kufikia alasiri huwa limekwisha kunyauka.
2. Tumia kijiti chembamba, kikavu na kisafi, kisicho na ncha kali.
3. Chana mdomo wa ua taratibu, inua kiwambo kwa kijiti, kisha bonyeza kwa kidole gumba hadi chavua, ambayo ni ya manjano na yenye kunata, ishike kwenye stigma.
4. Usichavushe kila ua: maua 8 hadi 10 kwa kishada yanatosha, kwani tamaa ya mavuno, ambayo ndiyo inayowaponza wengi, huudhoofisha mmea na kuleta maganda mafupi.
5. Chagua maua ya upande wa chini wa kishada, ili maganda yaning'inie yakiwa yamenyooka.
6. Kagua baada ya siku chache, maana ua lisiloshika hudondoka.